Machozi ya Meneja

Baba, shikamoo.

Ni mimi, Eliwaza. Tumekuzika vizuri, usiwe na wasiwasi. Kwaya iliimba mpaka sauti zikakauka, na ukungu wa mlimani ulikaa mbali hadi tulipomaliza kuweka maua. Makande yalitosha, hata wale wa Ndungu waliochelewa walikula wakashiba. Shamba la tangawizi analiangalia mdogo wangu Mbazi. Ningependa barua iishie hapa. Lakini kuna jambo la Meneja, na linaninyima raha.

Unakumbuka nilivyokucheka ulipomleta? Umestaafu kazi ya bustani kule Moshi, tajiri wako amerudi kwao, wenzako wameachiwa kitanda, wameachiwa jokofu, wewe unashuka kwenye gari na kambwa ka uso bapa, pua imezama, macho yamemtoka! Nikasema, "Baba, hiki kitalinda nini?" Ukamwita Meneja, kwa kuwa hafanyi kazi na anakoroma mchana.

Kila asubuhi kabla ya chai ulichemsha maji, ukayaacha yapoe, ukampakata. Pamba moja jicho la kulia, pamba nyingine la kushoto, ukifuta taratibu kutoka puani kwenda nje. Halafu ule mkunjo wa juu ya pua, unaupangusa na kuukausha kabisa, maana ukibaki na unyevu unachubuka. "Mbwa wengine pua inatangulia," ulikuwa ukisema. "Huyu kila kitu kinamfikia machoni kwanza." Nami nikakujibu, sisi watoto wako uliwahi kutufuta hata kamasi? Ukaendelea kumfuta. Nisamehe na hilo.

Basi msiba ukaja, watu wakajaa, wengine wanaogopa mbwa. Ni mimi niliyesema afungwe bandani jikoni. Lile banda unalijua: masufuria makubwa, kuni mbichi, moshi mpaka wapishi wanakoroga wamefumba macho. Alikaa mle hadi siku ya mazishi na hakuna aliyemfuta. Jicho la kushoto likaanza kutiririka. Shangazi alipomwona akapiga ukelele, "Jamani, njooni muone! Hata mbwa anamlilia kaka yangu!" Wanawake wakaja, wakaanza kulia upya. Nami nikalia, na nitasema kweli, nilijisikia vizuri. Nikampiga picha, nikaituma kwa kila mtu ili waone baba yangu alivyopendwa.

Ndipo Mbazi akaja na pamba na kikombe cha maji. Mdogo wangu unamjua, si mtu wa maneno, na tangu ufe hakuna aliyeona chozi lake. Alishinda akipasua kuni na kubeba viti. Akachuchumaa mbele ya Meneja. Nikamdaka mkono watu wote wanaona. "Mwache alie," nikamwambia. "Mbwa ana uchungu kukushinda wewe uliyezaliwa naye baba!" Hata sentensi yenyewe haikukaa sawa, Baba, ila ilimchoma. Akaniangalia, akayamwaga yale maji, akarudi kwenye kuni zake.

Watu walipotawanyika nikamkuta Meneja anasugua uso ukutani. Jicho limefumba, na nilipolifungua, lina rangi ya maziwa. Nikashuka naye Same nimemfunga kwa kanga kifuani. Daktari wa mifugo akamulika, akasema ni kidonda kwenye mboni na kimeshachimba. Akaniuliza, machozi yalianza lini? Nikadanganya, nikasema jana. Akasema jicho likitoa machozi na mbwa analifinya, hayo ni maumivu, analetwa siku hiyohiyo, pengine dawa ya matone ingetosha. Akatuelekeza Moshi, wakalitoa. Nililia pale kuliko nilivyolia kaburini. Samahani, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa anakaa kwangu Same, na upepo wa huku na vumbi lake unaujua. Kila asubuhi nafanya kama ulivyofanya. Lile jicho moja nalikagua mlangoni penye mwanga: limekuwa jekundu? Analifinya? Nimeacha kuchoma taka uani, nimehamishia jiko la mkaa nje kabisa. Anakubali kufutwa, ila nikinyoosha mkono kwanza anarudisha kichwa nyuma. Yaani naumia, Baba, na najua nastahili.

Na Shangazi hajaacha. Habari za mbwa aliyemlilia mzee zimefika hadi Mwanga, anazisimulia kanisani, watu wanafarijika. Jumamosi tuna ibada ya shukrani huko nyumbani, na ameniomba nije na Meneja, nisimame nisimulie mwenyewe. Mbazi hajamwambia mtu neno. Hunipigia simu kuuliza jicho lililobaki linaendeleaje, basi. Namjibu kwa kifupi, nakata.

Nitasimama, Baba. Nakuahidi. Nitawaambia Meneja hakuwa anakulilia, alikuwa anaumwa, na sisi tumemzunguka tunamsifu. Shangazi akikasirika, na akasirike. Kisha nitamgeukia Mbazi mbele ya watu walewale walioniona nikimwaibisha, nimwambie kwamba bandani siku ile aliyekuwa anakulilia ni yeye, alikuja na pamba mkononi, na mimi nikamfukuza.

Pumzika, Baba yangu.

Mwanao,
Eliwaza