Wataje Waliohama

Kaunti ya Prosek, Mei 6

Mwanangu Janelle,

Hujambo huko Lincoln? Mimi mzima, hata goti limeacha kelele. Jana kamati ya elimu ilituita kuhusu kuifunga shule yetu, watoto wapelekwe kwa basi maili arobaini. Ukutani walitundika ramani ya uhamaji uliyoichora wewe huko ofisi yenu ya takwimu. Umetupaka wekundu mwingi kuliko kaunti zote za Nebraska: eti mwaka jana tumekimbiwa na watu arobaini na mmoja. Mwenyekiti akasema mahali panapokimbiwa hapahitaji shule. Miaka thelathini nimewapikia watoto pale, nikapandwa na hasira. Nikamwambia, "Wataje hao waliokimbia." Watapiga kura Juni 3. Ni akina nani, Janelle?

Mama yako

Lincoln, Mei 13

Mama mpendwa,

Nashukuru goti limetulia. Mimi sijambo, ila nimeona aibu. Majina hatupewi, tunapewa idadi ya watu waliobadilisha anwani kwenye fomu za kodi. Sasa kumbuka baridi ya mwaka jana, ulipouguza goti kwa shangazi kule Arizona. Kwenye fomu uliandika anwani ya nani? Mama, kwenye ramani yangu wewe umehama. Na kila mzee anayekimbia theluji, akaandika anwani ya huko ili barua zimfikie, naye kahama. Wakubwa wangu wamekataa kuigusa ramani. Lakini wewe unajua kila mlango hapo.

Binti yako

Kaunti ya Prosek, Juni 4

Binti yangu,

U mzima? Mimi miguu tu imechoka, maana nimebisha hodi nyumba zote nikiuliza nani aliandika anwani ya kwingine. Walicheka kwanza, kisha wakanuna. Jana tuliingia ukumbini kumi na tisa, wengine na mikongojo. Mwenyekiti alipoelekeza fimbo kwenye ramani, nikasimama. "Mimi ndiye niliyehama." Jirani yetu Orville akainuka: "Na mimi. Unataka nitoke?" Wakafuata wote, mmoja mmoja. Mwenyekiti akasema takwimu ni takwimu, lakini shule imebaki, kwa kura moja.

Wamesalia ishirini na wawili walioondoka kweli, na wewe uliyehamia Lincoln mwaka jana umo. Watu walinitazama, wakidhani nitakusemea kwamba utarudi. Nikaketi. Shule inatafuta mwalimu wa hesabu, na wa kusimama hapo ni wewe mwenyewe.

Mama yako