Mashine ya Kukunja Mashuka

Jumatatu, 4 Machi
Leo mwanangu kaingia chumba chetu cha kufulia! Si kunitembelea — kikazi. Wakubwa wa hospitali wamemleta atuzoeze mashine mpya ya kukunja mashuka. Cheo chake kirefu, sikukishika chote, ila neno “mabadiliko” limo. Kasimama mbele yetu wanawake kumi na wanne, sauti haitetemeki. Nikamnong'oneza mama wa pasi: huyo nimemnyonyesha mwenyewe. Akasema tumesikia, hii mara ya sita tangu asubuhi. Na ataisikia ya saba.

Kasema asiogope mtu. Mwenye wasiwasi amfuate, hata kwa siri. Hakuna aliyemfuata.

Jumanne, 5 Machi
Mashine ni kama kitanda kirefu chenye mdomo. Zamani tulikunja wawili wawili — huyu ncha hizi, yule ncha zile, mnakutana katikati, umbeya unaendelea. Sasa unasimama peke yako. Unailisha shuka. Ukiona doa, kitufe chekundu, shuka linarudi kufuliwa. Basi. Mimi mara ya pili tu nilishajua! Watu wanashangaa binti yangu akili kaitoa wapi.

Mama Pacha, mwenzangu wa miaka kumi na moja, hakubonyeza hata mara moja. Yakapita madoa matatu. Msimamizi akamtania: Mama Pacha, kwako mashuka yote yametakasika? Wakacheka. Naye akacheka.

Mimi sikucheka. Macho yake yamefifia, huu mwaka wa nne. Hukunja kwa vidole, tena kuliko sisi sote. Madoa nilikuwa nayaona mimi. Hatujawahi kulitaja.

Jumatano, 6 Machi
Mtihani keshokutwa, mmoja mmoja. Anayefaulu anabaki. Asiyefaulu, msimamizi kasema, “tutaangalia.” Waliowahi kuangaliwa hatunao tena.

Jioni mezani mwanangu kauliza: mama, mbona hakuna anayeniambia kinachomsumbua? Nikasema kula kwanza. Kauliza tena. Nikamwongezea mchuzi.

Siri si yangu. Na fomu ya mtihani anaijaza yeye. Nikisema, nimemfunga — aandike uongo au amtoe mwenzangu.

Alhamisi, 7 Machi
Tumepatana na Mama Pacha nyuma ya kamba za kuanikia. Mimi nitasimama karibu. Nikikohoa, abonyeze. Akasema, shoga, na ukikohoa kikweli? Nikamwambia kifua changu chuma. Tumejaribu mara ishirini. Hakukosea hata moja!

Ijumaa, 8 Machi
Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya chumba cha muuguzi.

Mimi nimefaulu, halikunipita doa! Mwanangu hakunipendelea hata kidogo, kanikazia macho kama hanijui. Ndivyo nilivyomlea.

Akaitwa Mama Pacha. Shuka la kwanza safi. La pili doa — nikakohoa, akabonyeza. La nne, nikakohoa. La tano tena. Mwanangu akaweka kalamu chini. Mama, kifua hicho! Nenda kwa muuguzi sasa hivi. Nikasema kitapita. Akasema sikuombi, nakuagiza. Mbele ya watu! Mama Pacha kageuza uso, ananitafuta kwa masikio. Nikatoka.

Muuguzi kanipima, kasema kifua kizima, nisimpotezee muda.

Sasa mwanangu kaja. Kakaa pembeni yangu, fomu mapajani. Anasema nilipotoka tu, madoa sita yalipita mfululizo. Kaniuliza: tangu lini? Nikamwambia mwaka wa nne. Akasema, nilisema mnifuate, hata wewe mama hukuja? Nikasema wawekwe wawili pale mdomoni, mmoja aone, mmoja alishe, kazi itakwenda mbio. Akasema mashine imenunuliwa ili asimame mmoja.

Jina la Mama Pacha tu ndilo halina alama. Kalamu iko juu yake. Msimamizi kachungulia mlangoni: vipi, tufunge? Naandika ili nisiutazame mkono wa mwanangu.