Gari Yako Imeanza Kusikia Mguu

Baba Nekesa,

Nakuandikia nikiwa nimesimama. Nikiketi nainuka, nikiinuka naenda jikoni, nikifika jikoni nimeshasahau nilichofuata. Ndivyo nilivyo tangu tukuzike. Nekesa ananiambia, "Mathe, hata kuku kuna saa anatulia." Basi nimeweka karatasi juu ya boneti ya gari yako, hapa nje ya nyumba, na ukiona mwandiko umepinda ujue ni boneti. Mwandiko wangu mimi unaujua. Darasa la saba mwalimu aliuonyesha shule nzima.

Nataka nikueleze habari ya gari, na leo hutanikatiza.

Tuliporudi kutoka matanga Bungoma tulikuta betri imekufa. Gari ilikaa hapa bila kuwashwa siku zote zile tulizokuwa nyumbani tunakulilia. Nikanunua betri nyingine, ikaingia, gari ikawaka, nikashukuru Mungu. Lakini haikuwa ile gari yako. Ukikanyaga mafuta inakaa kwanza, kama mtu anayeulizwa swali gumu, halafu ndiyo inaamua kwenda. Ukisimama inatetemeka na kuzima. Mimi, niliyepata leseni kwa kufaulu mtihani na si kwa kujuana na mtu, nikazimikiwa katikati ya Jogoo Road, lori nyuma yangu likipiga honi, dereva ametoa kichwa ananiambia, "Mama, rudi kwa sufuria." Nilimjibu. Sitaandika nilivyomjibu, wewe ulikuwa mtu wa kanisa.

Sasa, kulikuwa na jambo ambalo wewe huna habari yake. Wazee walipoketi kugawa vitu vyako, koti likaenda kwa huyu, baiskeli kwa yule, kiti chako kwa mpwa wako. Ikaja zamu ya gari. Shemeji Wafula akasimama akasema gari ni ya ukoo, kaka yake hakuifanyia kazi miaka yote ile ili iozee Nairobi, na mwanamke ataiua. Hivyo hivyo, mbele ya watu, mimi nimejifunga leso ya kilio. Nikasema, "Shemeji, hiyo gari naiendesha vizuri kukushinda." Wazee wakacheka kidogo, halafu wakakata maneno: Wafula aje Nairobi, aketi kando yangu, nimwendeshe. Nikiweza, gari ibaki kwangu. Nisipoweza, airudishe nyumbani.

Na mimi gari naitaka. Sisemi kwa sababu ya sifa tu, ingawa sifa ninazo, maana mpaka leo mtaa mzima wa Mbotela hakuna gari nyingine ambayo mguu wa mafuta hauvuti waya, nitakueleza mbele. Vichwa na miguu ya mbuzi kutoka machinjio ya Kiamaiko naletewa kwa mkokoteni, vinafika jua limepanda, na wateja wangu wa supu wameshaingia viwandani na njaa zao. Najua ulisema harufu ya mbuzi haitaingia kwa gari aliyokuachia mdosi wako wa kazini. Nimenunua turubai. Nilale nikiona gari imefungwa kamba inavutwa kwenda Bungoma, na nguo zako zimeshakwenda, na kiti kimeshakwenda? Hapana.

Nekesa ndiye aliyenipeleka Eastleigh kwa fundi Abdi, yule anayeshughulika na gari zinazopitia Dubai. Huyo mtoto wako, nikuambie, anasoma umeme wa magari chuoni na darasa zima wasichana ni wawili, na wa kwanza ni yeye. Mwingine sijui ni wa ngapi, sikuuliza. Abdi alisikiliza injini, akaniambia niizime niiwashe tena. Nikafanya ulivyonifunza: ufunguo kwanza, halafu kukanyaga, kukanyaga, kukanyaga, ndipo nikawasha. Abdi akainama dirishani.

"Mama, unamkamua nani huko chini?"

Nikamwambia mume wangu alikuwa dereva tangu yeye hajazaliwa, na hivyo ndivyo gari inavyoamshwa. Akasema, "Mzee alikuwa sawa, lakini gari ya mzee ilikuwa na kabureta."

Akanieleza, na Nekesa akanieleza tena njiani, na usiku huo akanieleza mara nyingine mpaka nikaelewa. Ile pikapu yetu ya zamani, uliponifundisha, ukikanyaga unaimiminia petroli, ndiyo maana asubuhi ya baridi ilitaka kukanyagwa. Hii ya sasa mguu hauvuti kitu. Mguu unaambia kompyuta ndogo, kompyuta ndiyo inafungua mlango wa hewa kwenye injini, mafundi wanauita throto. Betri ilipokufa, kompyuta ikasahau mlango unafungwa wapi. Inatakiwa kufundishwa upya: unatoa kichwa cha betri, unangoja, unarudisha, unafungua ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, na mguu wako uwe kwenye zulia, mbali na mafuta. Unangoja ijipime, na hujipima hivyo kila ufunguo unapofunguliwa. Unafunga. Halafu unawasha bila kugusa mafuta, unaiacha ingurume yenyewe mpaka itulie. Ukikanyaga mafuta wakati inajipima, yenyewe inadhani huko ndiko mguu unakopumzikia. Basi ukija kukanyaga kwa kweli, inaona bado hujaanza.

Huku watu wanasema mwaka wa elfu mbili ukiingia kompyuta zote zitachanganyikiwa. Nikamwambia Nekesa, "Ya baba yako imetangulia."

Lakini Baba Nekesa, mguu wangu ulikataa. Abdi aliifundisha gari pale Eastleigh, ikawa nyepesi, nikaja nayo nyumbani nikiimba. Kesho yake asubuhi nikaingia, nikafungua ufunguo, na mguu ukakanyaga wenyewe. Nekesa akairudia. Nikaharibu tena. "Mathe, toa mguu!" Nimeutoa. "Mathe, huo ni nini?" Ni mguu. Mpaka akanivua kiatu, akasema niguse zulia kwa vidole nijue niko wapi.

Yeye alidhani ni usahaulifu. Si usahaulifu. Nikikanyaga vile nasikia sauti yako kando yangu kwenye pikapu, "Iamshe, iamshe polepole, nayo ni mtu." Hakuna mahali pengine ninapoisikia. Kwenye picha husemi kitu.

Shemeji Wafula alifika jana. Tulikuwa tumeifundisha gari asubuhi, imetulia kama mtoto aliyeshiba, na mimi nimevaa lile rinda la bluu. Majirani wote nje, wanajifanya wanaanika nguo. Nikamkaribisha kiti cha kando. Akasema, "La, shemeji, niiwashe mimi kwanza nisikie kama ni nzima." Kabla sijamjibu ameketi mahali pako. Akafungua ufunguo.

Na akakanyaga. Akakanyaga, akakanyaga, kisigino kimeinuka kidogo na goti limeangalia nje, vile vile, ungesema umerudi. Nekesa alinishika mkono kwa nguvu, anataka nipige kelele. Sikuweza. Nilikuwa naangalia ule mguu.

Akawasha. Gari ikakohoa, ikatetemeka, ikazima. Wafula akashuka akaniangalia si kwa ubaya, kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniuma zaidi. Akasema, "Unaona? Imemfuata mwenyewe. Nitatafuta lori, tuifunge." Jirani mmoja akasema polepole, "Maskini Mama Nekesa."

Hapo ndipo damu iliporudi mwilini. Nikamwambia, "Shemeji, keti kwa ile kreti. Nekesa, mpe baba yako mdogo supu. Hakuna anayegusa gari." Nikafungua boneti mimi mwenyewe, na spana mkononi mwangu, nikatoa kichwa cha betri. Wafula akauliza ninafanya nini. Nikasema ninaisahaulisha.

Kungoja, Baba Nekesa. Unanijua na kungoja. Nilitamani kupangusa kioo, kufagia, kumwambia Nekesa aongeze chumvi. Nikasimama tu na spana yangu, mbele ya estate nzima, hakuna kinachotokea. Wafula amemaliza bakuli. Akasema, "Mama Nekesa, ni maombi unafanya?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini sikusogea. Nikarudisha kichwa cha betri, nikavua viatu, nikaingia, nikafungua ufunguo. Taa zikawaka. Vidole kwenye zulia. Mguu ukataka kuinuka, nikausikia kabisa unataka, nikalishika goti kwa mkono kama unavyomshika mtoto kanisani. Wewe ulikuwa pale unaniambia niiamshe. Nikakwambia kwa moyo, nyamaza kidogo, mume wangu, niache niishike hii.

Nikafunga, nikawasha bila kugusa. Ikanguruma juu, halafu ikashuka, ikashuka, mpaka ikawa sauti moja.

Wafula akaingia kando yangu. Tulipofika Jogoo Road kulikuwa na nafasi kati ya lori na basi, ndogo, ile ambayo wewe ungeingia na mimi ningefunga macho. Nikakanyaga. Haikufikiri. Ilienda, Baba Nekesa, ilienda mguu wangu ukiwa bado unaenda. Shemeji alishika dashibodi kwa mikono miwili.

Tukafika karibu na City Stadium. Hapo nikamweleza habari ya throto, na kwa nini alipokanyaga iliharibika. Akaachia dashibodi. Kisha akasema, "Mimi pia ni yeye aliyenifunza kwa pikapu ile. Asubuhi nikiwasha trekta ya watu namkumbuka." Akageuka dirishani. Nikaendesha tu, sikumwangalia, mwanamume akilia hupewa barabara.

Ameondoka leo asubuhi. Atawaambia wazee gari ina mwenyewe. Mbele ya majirani alisema, "Huyu mama ni dereva," na nikamwomba arudie kwa sababu Mama Otieno alikuwa ameingia ndani.

Ningefurahi tu, lakini hata sasa siwezi kuketi. Kila asubuhi nitawasha gari yako kwa njia ambayo si yako, nikikunyamazisha ili iende. Hilo sijui nimwulize nani. Nekesa bado mdogo, na pasta hajui magari. Labda hivi ndivyo inavyokuwa, mtu anabaki na kitu chako na kukitumia ndiko kunakomfundisha kwamba hupo. Nimeiandika hiyo, na sasa nimeisoma, na imebidi nizunguke gari mara kadhaa.

Haya. Supu itamwagika, na karatasi imefika chini.

Desemba nakuja. Nitaendesha mwenyewe kutoka hapa hadi kaburini, Nekesa kando yangu, na huko nyumbani nitamchukua Wafula na watoto wake nyuma, tuje wote. Nitakuletea maua yale ya njano, na turubai nitaiacha Nairobi usije ukasikia harufu. Wewe ulizoea kukaa macho kila nilipochelewa kurudi, unachungulia dirishani unasikiliza injini. Sasa lala, Baba Nekesa. Mimi niko barabarani, na niko salama.

Wako,
Mama Nekesa