Zawadi Si Tasa, Baba

Likasi, Jumapili baada ya Misa

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe na Mama. Kifua kimepoa? Na macho je, ule ukungu umepungua au bado? Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, na huo ni wa kazi. Najua barua hii anakusomea Yaya Ida, dada yangu mkubwa. Basi Yaya, salamu kwako, kaa vizuri, na usiruke mstari hata mmoja.

Dereva wa lori alinifikishia neno lako: umempeleka Zawadi kwa dume la parokia mara nne na hashiki mimba, kwa hiyo ni tasa, na Noeli utampa mchinjaji. Baba, nakuomba kwa heshima yote, mwache kwanza. Ndiye ng'ombe pekee tuliyebaki naye hapo Marungu. Akienda, zizi la babu linafungwa. Nisikilize mpaka mwisho, halafu uamue, maana mwenye zizi ni wewe.

Hapa shambani tulikuwa na mwenzake, mweusi, anaitwa Belle. Miaka miwili alikula majani bure bila kuzaa, na patron, mwenye shamba, alishachoka naye. Kabla ya kumuuza, alimwita Mama Ngalula. Baba, huyu mama ungemwona! Ni mfupi, mnene kidogo, anavaa buti za mpira chini ya kitenge. Ni Mkasai, babu yake aliletwa huku kuchimba shaba, na yeye kazi yake ni kupandisha ng'ombe bila dume. Mbegu ya dume aliye mbali, labda alishakufa zamani, inagandishwa ndani ya mrija mwembamba, naye anaitia tumboni mwa ng'ombe kwa mkono wake. Siku ya kwanza wachungaji tulichekea pembeni. Mwenzangu alisema mwanamke akiingia zizini maziwa hukauka, nami nikaitikia, maana ndivyo nilivyolelewa.

Mama Ngalula alivaa glavu mpaka begani, akaingiza mkono nyuma ya Belle, akafumba macho kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya mfuko.

"Huyu ngombe haiko tasa," akasema. "Iko muzima kabisa. Njo ninyi hamumuonake."

"Tunamuonaka kila siku, Mama," patron akajibu.

"Saa gani?"

Kweli tulikuwa tunawatazama saa ya kukamua tu. Ndipo Mama Ngalula akatueleza kwamba ng'ombe hutaka dume kila baada ya wiki tatu hivi, tena kwa saa chache, na wengine wanaanza alfajiri watu wakiwa bado wamelala. Ukimletea dume kesho kutwa yake, umechelewa. Halafu akanigeukia mimi.

"Weye, unatoka wapi?"

"Marungu, Mama."

"Baba yako iko na ngombe?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi unajua kusimama bila kusema. Utamuangalia asubuhi sana na magaribi. Akisimama kimya wakati mwenzake anamupanda, unaniita."

Hapo nilikukumbuka, Baba. Ulikuwa unanisimamisha kwenye umande nikiwa mdogo, nikilalamika baridi, na unaniambia nikae kimya nitazame. Kumbe ulikuwa unanipa kazi ya maisha. Siku ya kumi na saba, jua halijatoka, mtamba mmoja akampanda Belle, naye Belle akasimama tuli. Mkiani ute ulining'inia, mweupe kama wa yai bichi. Nikapiga simu. Mama Ngalula akasema aliyeonekana asubuhi anapandishwa jioni, nimfuate mjini kwa pikipiki.

Mbegu anaitunza ndani ya debe la chuma lenye hewa iliyogeuzwa maji kwa baridi kali. Ukifungua kifuniko, linatoa moshi. Sasa, kwenye kizuizi cha njia ya Kakanda, walinzi wakaliona likivujisha moshi kidogo. Huku kila mtu anajua habari za Shinkolobwe, ule mgodi wa urani uliofungwa ambao watu wanauchimba kwa kuiba. Chombo cha chuma kinachotoa moshi, juu ya pikipiki, jioni! Walituzunguka.

"Mama, hii njo minerai, madini ya kuiba. Mwaga yote chini, tuone."

Nikaona kazi yetu imekwisha. Mbegu ikimwagwa inakufa, na saa za Belle zilikuwa zinapita. Lakini Mama Ngalula alishuka taratibu, akakunja kitenge, akafungua kifuniko. Moshi ukateremka mpaka kwenye buti za mkubwa wao, naye akaruka nyuma.

"Njo mbegu ya ngombe, papa. Ukitaka kujua, ingiza mukono. Lakini baridi ya humu itaikata, usinililie."

Hakuna aliyeingiza. Mmoja akauliza kwa sauti ndogo, "Na dume yenyewe iko wapi?"

"Humu ndani. Tena iko kumi na mbili, na hakuna hata moja inapigana."

Walicheka mpaka yule mkubwa naye akacheka. "Pita, Mama, pita na madume yako!"

Zizini aliuyeyusha mrija kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, akaufuta, akauweka kifuani chini ya blauzi usipate baridi. Kisha akaingia kazini. Salamu Maria moja haijaisha, alishamaliza. Akanawa, akaomba sahani ya bukari, ale.

Wiki tatu zikapita, Belle kimya, hakutaka dume tena. Miezi mitatu ilipotimia Mama Ngalula akarudi, safari hii akanipa glavu mimi. "Ingiza." Baba, niligusa kitu laini kilichojaa maji, na nilipokisukuma kidogo, kitu kingine kidogo ndani yake kikaenda na kurudi kwenye vidole vyangu. Nililia mbele ya patron, wala sikujificha.

Sasa, Yaya, soma hapa kwa sauti, na Mama aache sufuria aje asikie.

Baba, macho yako yalipokuwa mazima hukukosea ng'ombe hata mmoja. Nani asiyejua? Lakini tangu ukungu uingie, Zawadi anapelekwa kwa dume siku ambazo yeye hataki. Na hapo nyumbani yupo anayemuona. Pasaka iliyopita nilipokuja, Mama alirudi kisimani kukiwa bado giza, akasema, "Zawadi analia, hali, na mkia wake umelowa." Wewe ukamwambia mambo ya zizi si ya wanawake. Tukampeleka siku ya nne, uliyoichagua wewe.

Mama ndiye amtazame. Siku atakayosema, jioni yake Zawadi aende kwa dume. Baada ya wiki tatu Mama atazame tena. Zawadi asiposhika mimba mara tatu kwa macho ya Mama, kisu nitanunua mimi mwenyewe.

Msalimie baba mdogo Kabwe anayetutunzia uzio, na shangazi Perpétue wa kwaya, mwambie rozari yake ninayo mfukoni. Msalimie padri, na dume lake. Mwaka ujao Mungu akipenda nitakuja na glavu.

Mama, neno lako nimeliacha la mwisho. Asubuhi ile Baba alipokurudisha jikoni, mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na nikacheka. Nilikuwa nimekwisha kuuona ule mkia. Nilijua unasema kweli. Nisamehe.

Mwanao,
Faustin