Picha Iliyompatanisha Mama na Wifi Yake

Mpendwa Kendi,

Huku Muthara tu wazima, na babu yako anavuna maharagwe. Umeniuliza kama niliogopa kupigwa picha ya ubongo. Niliogopa, mjukuu wangu. Nilikuwa mwalimu kijana, nikaanguka kifafa darasani, na mama akaamini kwamba shangazi Karimi ameniroga. Hawakusalimiana mwaka mzima.

Kisha daktari akatuonyesha kwenye picha mishipa ya damu iliyosokotana kichwani mwangu. "Amezaliwa nayo," akamwambia mama.

Tulipotoka hospitalini tulipitia kwa shangazi kabla ya kufika nyumbani. Mama alisema tu, "Nisamehe, wifi yangu." Shangazi akatuwekea chai. Baadaye nilipasuliwa, nikapona.

Siku yako ya kupigwa picha ikifika, lala bila kusogea. Nitakuwa nakuombea.

Nyanya yako