Matete Yaliyogeuka Kijani

Mama Kulwa,

Shikamoo, ingawa najua leo hutaitikia. Ningekuandikia mapema, ila nilikuwa na hasira, na hata sasa ninayo.

Tangu tukuzike nimehamia Geita. Natunza bustani ya nyumba moja ya wageni, na yale matete yako yenye mistari myeupe ndiyo niliyoyapanda kwenye bwawa lao. Yalishika vizuri. Halafu yakaanza kutoa machipukizi ya kijani kitupu, na baada ya miezi michache bwawa zima likawa kama ukingo wa mto wowote. Mwenye nyumba akaniambia, "Dada, mimi niliomba maua, si majani ya kuezekea. Mvua zikiisha yakiwa hivi, nitatafuta mtu mwingine."

Sikushangaa. Nilijua ni mkono wangu. Si ulinifundisha mwenyewe? Miaka sita nikikufanyia kazi kwenye bustani yako pale Shinyanga, kila matete niliyoyapanda yalipogeuka kijani, ulinishika kiganja ukasema, "Mwanangu, una mkono wa moto. Wewe nichotee tope tu, kupanda niachie mimi." Nikaamini. Nyumbani kwangu sikupanda hata mchicha, hadi shida iliponisukuma kwenye kazi hii.

Wiki iliyopita binti yako Kulwa alipita kunisalimu. Akaangalia bwawa, akacheka. "Mbona hung'oi ya kijani? Yanameza yenye mistari. Mama alikuwa anayang'oa kwenye matete yake kila Jumamosi, pamoja na mizizi, wewe ukienda Kolandoto kufuata samadi. Alisema ukijua utaondoka, uanzishe bustani yako."

Kila Jumamosi, mama. Na mimi niko juani nakokota viroba vya samadi, nakuombea afya njiani.

Ningeondoka niende wapi? Nilikuwa nakupenda. Ulipougua nilikuogesha kwa mikono hii hii uliyoisingizia, ukanitazama tu, hukusema neno. Siku zote zile ulikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Hapo ndipo uliponivunja moyo.

Nimeyang'oa yote ya kijani. Juzi limetoka chipukizi la kwanza lenye mistari, na nimemwonyesha mpishi wa hapa namna ya kulitunza, bila kumficha kitu.

Pumzika, Mama Kulwa. Binti yako ameniomba nije tukusafishie kaburi, nikamwambia bado. Nakuahidi nitakuja siku nitakayoweza kusema nimekusamehe na iwe kweli. Mwaka huu usinisubiri.

Minza