Papa Amuri aliyenirudisha Kongolo

Kindu, Jumapili. Mvua imepiga tangu alfajiri, sasa yamebaki manyunyu.

Leo nimetoka misani na nje hapakuwa na mtu wa kuningoja.

Papa Amuri alikuwa Muislamu, mimi Mkatoliki. Tangu utoto wangu alinisindikiza mpaka parokia kila Jumapili, akaketi ng'ambo ya barabara na kofia yake nyeupe mpaka misa iishe. Hata nilipokuwa mwalimu, mtu mzima mwenye wanafunzi wake, alikuja. Siku moja nilimwambia, "Papa, njia naijua." Akanijibu, "Na miye naijua. Twende."

Alikufa Alhamisi asubuhi. Presha. Alikuwa anaosha mchele, akakaa chini kama mtu aliyechoka, asiinuke tena. Tulimzika siku ileile. Yaani wanaume walimzika. Kwao wanawake hawafuati mpaka kaburini, kwa hiyo nilisimama mlangoni nikaangalia jeneza likienda mabegani mwa watu mpaka likapinda kwenye kona.

Baada ya hapo sikumbuki vizuri.

Wanaosoma hapa wanajua kwamba alikuwa baba yangu. Wachache wanajua kwamba hakunizaa. Leo nataka kuliandika, kwa sababu nimekaa kwenye mikeka na wanawake siku hizi zote za matanga na kila mmoja anasimulia Amuri wake, na wangu bado uko kifuani.

Papa alikuwa na restora karibu na gare, pale treni inaposimama. Nyumba ya mabati, meza ndefu, mabenchi. Wali na maharagi, sombe ya majani ya mihogo, samaki wa mtoni. Alipika mwenyewe. Mke wake alikufa akijifungua, na mtoto akaenda naye, na Papa hakuoa tena. Watu walimcheka, mwanaume wa jikoni, lakini walikuja kula.

Mimi na Mama tulishuka hapo na treni kutoka Kongolo. Mama alikuwa analeta karanga na unga wa mahindi, auze, turudi. Nilikuwa mdogo, meno ya mbele hayajang'oka. Tulikuwa bado Kindu vita ilipoanza. Njia ya reli ikakatika.

Watu wote waliokuja na sisi walibaki kwenye gare. Walilala pale kwenye simenti wakingoja treni ambayo haikuja. Mwanzoni walinunua chakula kwa Papa. Pesa zilipokwisha, aliendelea kuwapakulia. Mama alimsaidia kuosha vyombo ili tusile bure.

Kisha kipindupindu kikaingia. Papa alimbeba Mama kwenye kinga, baiskeli yake, akaisukuma mpaka hospitali, mimi nikikimbia nyuma. Hakukuwa na serumu ya kumtia mshipani. Nakumbuka Mama alimshika Papa mkono, sauti yake imebaki ndogo sana.

"Baba Amuri, umufikishe mutoto kwetu Kongolo."

"Nitamufikisha, mama. Pumzika."

Jioni hiyo nilirudi restora nikiwa na Papa. Wawili tu.

Miaka iliyofuata sitaki kuisimulia yote. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na wapiganaji wa Mai-Mai wameuzunguka. Aliyekwenda shambani aliitwa mpelelezi na upande huu, na upande ule pia. Chumvi ilipotea. Papa alipika majani ya mihogo matupu, na askari waliyala bila kulipa na kumtaka acheke nao. Alicheka. Mara moja mkubwa wao aliniona nikipanga sahani, akauliza, "Huyu mutoto wa kike ni wa nani? Mke wangu anatafuta wa kumusaidia kazi kambini."

Papa aliacha mwiko. "Ni wangu, chef. Niko naye huyu mumoja tu."

Ilikuwa mara ya kwanza kusikia neno hilo. Wangu. Nililishika kama mtu anayeshika sahani ya moto, hataki kuiachia.

Lakini kila jioni, tukisugua vyungu, aliniuliza maswali yaleyale.

"Mama yako aliitwa nani?"

"Anasta."

"Kwenu ni wapi?"

"Kongolo, nyuma ya parokia."

"Nkambo yako, mama ya mama yako, anaitwa nani?"

"Mama Kisimba."

Habari hizo alizitafuta kwa wasafiri wa Kongolo, kidogo kidogo, kabla hawajatawanyika. Nikikosea, tulianza upya. Nilidhani ni mchezo. Sasa nimekuwa mkubwa naelewa alichokuwa anafanya. Alikuwa ananifundisha, yeye mwenyewe, kila kitu kitakachomnyang'anya mimi.

Vita ikaisha. Siku treni ya kwanza ilipoingia, mji mzima ulikimbilia gare. Wamama walilia, vijana walipanda juu ya mabehewa. Papa hakutoka. Alibaki anakoroga maharagi yaliyokwisha kuiva.

Watu walipotulia aliniambia, "Vero, mama, funga nguo zako. Tunaenda kwenu."

"Kwetu ni hapa."

"Nilimuahidi mama yako."

Nililia, nikakataa kula, nikajificha nyuma ya kuni. Hakunigombeza. Alingoja tu. Alifunga restora, akavaa kanzu yake ya sikukuu, tukapanda.

Treni ilikwenda polepole, ikisimama porini bila sababu tunayoijua. Njia nzima alinichambulia karanga.

Kongolo tuliulizauliza mpaka nyuma ya parokia. Nkambo, bibi yangu, alikuwa anaanika mihogo. Papa alimsalimu, akasema, "Mama, huyu njo mutoto wa Anasta." Ungo ulimtoka mikononi. Walikuwa wametulilia zamani, matanga yetu sote wawili yalikwisha.

Siku ile jirani wote walijaa uani. Papa aliwaeleza jinsi Mama alivyokufa na mahali alipolala. Mjomba wangu alimwangalia kanzu yake, akamwuliza, "Sasa, muzee, unataka tukulipe nini?"

"Hapana kitu. Nilileta mutoto, basi."

Nkambo akamwuliza, kwa upole, "Na weye, baba, uko na watoto wangapi?"

Papa aliniangalia. "Nilikuwa na mumoja," akasema. "Leo nimemurudisha."

Akainuka, akanishika kichwa, akaenda zake. Walinizuia wajomba wawili nisimfuate.

Treni ya kurudi haikuwa na siku. Ilibidi aingoje kwenye gare ya Kongolo, kama Mama alivyongoja ya kwetu. Mimi nililala nimegeukia ukuta. Chakula kilikuja kikarudi. Mjomba alisema nitazoea. Nkambo aliniangalia tu, kisha asubuhi moja akafunga kitambaa, akanishika mkono, tukatoka.

Tulimkuta amekaa chini kati ya magunia ya watu. Alituona akasimama haraka, kama mwenye kosa.

"Baba Amuri," Nkambo akasema, "Anasta alikuambia umufikishe mutoto. Umemufikisha. Ile ahadi imeisha. Sasa miye, mama ya Anasta, njo ninakuomba yangu. Umurudishe Kindu, umulee. Lakini treni ikikuwa, umulete nimuone."

Papa alivua kofia akajifunika nayo uso. Akalia. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo, wala baadaye.

Tulikwenda kumwona Nkambo kila tulipopata njia, mpaka alipofariki. Papa alisimama kaburini kwake pamoja na wajomba zangu, mstari mmoja nao.

Ndiye huyo tuliyemzika Alhamisi.

Leo baada ya misa niliingia jikoni kwake. Watu wa matanga ni wengi, wamefika mpaka wa Kasongo, nikasema nitawapikia mwenyewe. Niliosha mchele, nikawasha moto, nikafunika chungu. Halafu nikakaa kwenye kigoda chake na sikuweza kuinuka. Nililia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Harufu ndiyo iliyoniamsha. Wali ulikuwa umeungua mpaka juu.

Nilitaka kuumwaga. Baba mkubwa, kaka yake Papa, mzee asiyeona vizuri tena, alinizuia mlangoni.

"Leta vile vile."

Niliupakua. Wazee wa reli, jirani, wamama wa mikekani, wote waliula. Hakuna aliyebakiza. Baba mkubwa alinawa mikono polepole, akaniita karibu.

"Kesho utapika tena," akasema.

Sijui kama nitaweza. Jiko ni lake, moto ni wake, na kila nikigeuka namtafuta. Lakini nimekwisha kuloweka maharagi.

Nitaamka mapema. Nitakaa karibu na chungu.